Ua la mvua za kwanza kando ya geti: ipi njia ya kulitambua isiyokula fedha bure?

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishaipiga Arua, huku West Nile nchini Uganda, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, ua lilelile hujitokeza kwenye viwanja vya watu. Kando ya njia ya gari, kati ya geti na baraza, mahali palipokuwa vumbi tupu, huchomoza shina nene lisilo na matawi, na juu yake duara jekundu la maua madogo membamba. Hakuna aliyelipanda. Koboko hali ni hiyo hiyo, hasa kwenye viwanja vipya pembezoni mwa mji. Mwenye nyumba anasimama na kijana wa kufyeka, na uamuzi unatakiwa papo hapo: lifyekwe, ling'olewe, lipuliziwe dawa, au liachwe?

Uamuzi huo una gharama, na mara nyingi gharama haiko pale mtu anapoiogopa. Kuna njia za bure ambazo watu wengi hawazijui, kuna za kulipia ambazo hazistahili fedha, na kuna moja inayodai jasho na subira lakini ndiyo yenye jibu la kuaminika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa ua la kando ya njia, mkazi wa West Nile hahitaji kulipia jina. Fedha zitoke pale tu ambapo mtu anataka kulila au kulifanya dawa, mifugo imedhurika, au mmea wenyewe umeanza kuvamia shamba.

Kwanza tuone ua lenyewe. Huku kiangazi hushika kuanzia Desemba, nyasi hukauka na nyingi huchomwa moto. Mimea kadhaa ya savana hukipita kipindi hicho ikiwa chini ya ardhi, ikiwa vitunguu, viazi au mizizi minene. Mvua ikigonga, hutoa maua haraka kabla nyasi hazijainuka na kuyafunika, na majani huja baadaye au pamoja na ua. Ndiyo maana ua huonekana kama limetoka hewani. Lile duara jekundu karibu kila mara ni Scadoxus multiflorus, mmea wa asili wa Afrika unaoota kuanzia Senegali hadi Somalia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Lakini silo pekee. Ukiona ua la manjano limelala juu ya ardhi katikati ya majani manne yaliyotandazwa kama sahani, hilo huenda ni Costus spectabilis, ambalo Nigeria wamelifanya ua la taifa. Maua meupe yenye mistari ya waridi, makubwa kama tarumbeta, ni ya jamii ya Crinum. Na baadaye kidogo, mvua ikishakolea, hupanda kwenye uzio ua lenye petali nyekundu na manjano zilizopindwa kuelekea nyuma, ambalo jani lake huishia kwa mkia wa kujishikia: hilo ni Gloriosa superba, na tutalirudia, maana ndilo la kuogopwa zaidi.

Njia ya kwanza ni kuuliza wazee. Haina bei, na kwa mimea ya asili ina thamani kubwa. Mama aliyelima Maracha au Vurra miaka hamsini anajua mbuzi wanakwepa nini na watoto walikatazwa kuchezea nini. Anajua pia kama ua lilikuwepo tangu zamani au limeletwa na kifusi. Upungufu wake ni kwamba jina halivuki mpaka. Jina la Kilugbara la Arua si la Kikakwa cha Koboko, na ng'ambo ya Kongo, ukifika Ariwara, huenda ukapewa lingine. Tena jina moja linaweza kubeba mimea miwili inayofanana. Andika jina ulilopewa, lugha yake na kijiji cha aliyekupa. Usilitumie peke yake kuamua kama kitu kinalika.

Njia ya pili ni simu, na hapa ndipo watu hutupa fedha. Pl@ntNet, iliyotengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, ni ya bure. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, nayo ni ya bure. Google Lens haidai chochote na tayari imo kwenye simu nyingi za Android. Upande wa pili zipo programu za kulipia, ambazo bei yake kwa mwaka huweza kufika takriban dola 30. Kwa kiwango cha shilingi 3,600 kwa dola, hizo ni zaidi ya laki moja za Uganda. Nyingi hukuvuta kwa siku chache za majaribio, ukishaweka kadi, na usipofuta mapema hukata fedha zenyewe. Laki moja kwa jina la ua ambalo programu ya bure ingekupa! Siwezi kumshauri mtu yeyote aingie humo.

Gharama halisi ya njia ya simu ni bando. Uganda iliondoa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, lakini mwaka 2021 ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo kila picha inayopanda ina kodi ndani yake. Nafuu ipo: picha piga ukiwa shambani bila intaneti, kisha zipandishe ukiwa mahali penye Wi-Fi, ofisini au chuoni. Picha hazichakai.

Ila picha ziwe za maana. Watu wengi hupiga ua peke yake kutoka juu, na programu hubahatisha. Piga nne: ua kwa karibu, shina kutoka pembeni, jani likiwa limeonekana lote pamoja na mishipa yake, na mmea mzima ukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa, kama kiberiti au sarafu. Kwenye Pl@ntNet chagua mimea ya Afrika ya kitropiki badala ya kuiacha itafute dunia nzima. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu hazina za picha za programu hizi zimejaa mimea ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Usipoielekeza, ua la Koboko linaweza kupewa jina la ua la bustani ya London.

Usishtuke programu mbili zikikupa majina mawili. Lile duara jekundu moja itaita Scadoxus multiflorus na nyingine Haemanthus multiflorus. Ni mmea uleule. Mwaka 1795 uliwekwa kwenye Haemanthus. Jina la Scadoxus lilitolewa mwaka 1838, likakaa bila kutumika sana, hadi wataalamu walipolirudisha mwaka 1976. Wauzaji wa vitunguu vya maua wa Uholanzi wameuza mmea huu kwa miaka mingi kwa jina la zamani, na mtandao bado unalibeba.

Kati ya hizo za bure, mimi ningeanza na Pl@ntNet kwa jibu la haraka, kisha ningeweka picha zilezile iNaturalist, kwa sababu moja tu: huko kuna binadamu. Watu wanaoijua mimea ya Afrika hupitia picha na kuthibitisha au kukanusha jina, na jibu laweza kuja baada ya saa moja au baada ya miezi. Zingatia jambo moja: picha hubeba mahali ilipopigwa, na hapa mahali penyewe ni geti la nyumba yako. Kabla ya kuipandisha, chagua mpangilio wa kuficha eneo kamili.

Njia ya tatu ni ya ofisi. Ofisa kilimo wa kata yupo chini ya serikali za mitaa, na huduma yake ni ya bure, ingawa kazi yake kubwa ni mihogo, mahindi, tumbaku na magonjwa ya mazao. Ua la pambo si kipaumbele chake. Arua ina Abi, taasisi ya kanda ya utafiti wa kilimo iliyo chini ya shirika la taifa la utafiti huo, NARO, na ina Chuo Kikuu cha Muni. Hizi ni nzuri sana pale swali lako ni gugu: kitu kinachoenea, kinachokaba mazao, kinachowasha ngozi. Kwa mtu wa Koboko hesabu huwa tofauti kidogo, maana Arua ni safari ya zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya lami inayotoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya ua moja ni hasara. Subiri uwe na shughuli nyingine mjini, halafu uende na sampuli.

Na sampuli ndiyo njia ya nne, ile ya jasho. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina hazina ya mimea iliyokaushwa, ambako kila mmea umebandikwa kwenye karatasi ukiwa na jina, mahali na tarehe. Nyuma yake iko kazi kubwa: kitabu cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania kilichoandikwa kwa vipande kuanzia 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ndani yake mimea ya West Nile imo, chini ya alama ya U1, yaani kaskazini mwa Uganda. Mtu wa hazina akilinganisha sampuli yako na karatasi zile, jibu lake lina uzito ambao picha haina, kwa sababu anaweza kulifungua ua na kuhesabu viungo vyake.

Vifaa havihitaji fedha. Magazeti ya zamani, maboksi mawili ya katoni, mawe ya kugandamiza. Chukua mmea mzima, ua na jani. Kama una kitunguu, kipasue katikati ili kikauke bila kuoza. Laza ndani ya magazeti na ubadilishe karatasi kila siku mpaka mmea ukauke. Andika pembeni rangi ya ua lilipokuwa bichi, urefu wake, mahali, tarehe na jina la kienyeji, kwa sababu rangi itapotea. Kwa mabasi ya Kampala kifurushi cha gazeti ni kidogo, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya nauli ya abiria. Piga simu chuoni kabla, uulize nani atapokea na kama kuna ada. Nairobi ina hazina kubwa zaidi ya Afrika Mashariki, iliyoanza Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamia huko mwaka 1950, lakini kuvusha mmea mpakani kunadai hati ya afya ya mimea na vibali. Kwa mkazi wa kawaida Makerere inatosha.

Ipo njia ya tano ambayo wengi hawaihesabu kuwa njia: kungoja. Chomeka kijiti kando ya ua ili kijana wa kufyeka alikwepe, na uliache miezi miwili. Majani yatafunguka, tunda litakuja, na mmea uliokuwa fumbo mwezi wa Aprili utakuwa na alama zote mwezi wa Juni. Scadoxus itatoa matunda madogo mekundu ya mviringo. Haigharimu chochote.

Kungoja hakufai, hata hivyo, kama kuna watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Kitunguu cha Scadoxus kina alkaloidi, mojawapo ikiwa laikorini, zinazoleta kutapika na kuhara, na sehemu nyingine za Afrika mmea huu umetumika kama sumu ya mishale na ya samaki. Gloriosa ni mbaya zaidi. Kiazi chake kina kolchisini, huua, na huweza kudhaniwa kiazi kikuu au kiazi kitamu na mtu mwenye njaa au mgeni wa eneo. Katika wilaya zilizopokea wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, ambako watu hulima kwenye ardhi wasiyoizoea, hili si jambo la kupuuza. Mtu akila, asingojee jina la kitaalamu: apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Arua au hospitali ya Koboko, na mmea wenyewe ubebwe pamoja naye.

Chaguo baya kuliko yote kwa bei ni dawa ya magugu inayonunuliwa kabla ya kujua. Unalipia chupa, unalipia bomba na mpuliziaji, dawa inakausha nyasi zilizoshika udongo wa njia yako, na kitunguu kilicholala bila majani hakiguswi. Kama hulitaki Scadoxus pale lilipo, lichimbe kwa jembe mwezi wa Januari likiwa limelala, ulihamishie mahali penye kivuli chepesi ambapo watoto na mbuzi hawafiki. Litatoa ua tena.

Fedha za kung'oa ziwekee mmea mwingine kabisa, usio na sura ya kuvutia: ule wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vichwa vyeupe vidogo vidogo, unaoota kwenye kifusi na kando za barabara. Huo huenda ni Parthenium hysterophorus, wa asili ya Amerika, ambao husafiri kwa matairi, mchanga na changarawe, huwasha ngozi na kuharibu malisho. Mwombe kijana avae glavu na mikono mirefu, aung'oe na mzizi kabla haujatoa mbegu, na umwoneshe ofisa kilimo siku hiyo hiyo.