Kivu: Dende watoke chini ya kitanda, wapewe nyumba yao

Katika familia nyingi za Bukavu, Kabare na Walungu, mtoto akiingia jikoni na fungu la majani, kelele zinaanzia chini ya meza. Ni dende, wale ambao Wafaransa wanawaita cobaye. Wanaishi humo ndani pamoja na moshi, sufuria na miguu ya watu, na wengine usiku wanalala chini ya kitanda. Wana asili ya milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako walifugwa kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Mashariki mwa Kongo wamepata makao mengine.

Mnyama huyu si wa kudharau. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa CIAT, wakishirikiana na wenzao wa Université Evangélique en Afrique ya Bukavu, walimfuatilia katika vijiji vya Kivu Kusini, wakaona kwamba analisha watu wengi ingawa hesabu za mifugo humsahau mara nyingi. Ng'ombe waliporwa vitani, mbuzi wakaenda, lakini dende wanaingia katika kikapu na mama anakimbia nao. Mara nyingi wenyewe ni wanawake na watoto. Akiuzwa mmoja, kunapatikana daftari au sabuni. Kwa hiyo dende akifa bila sababu, kuna mtu nyumbani aliyepoteza pesa zake.

Na wengi wanakufa bila sababu. Paka anachukua watoto, mtu anakanyaga mmoja gizani, moshi wa jiko unaharibu mapafu. Sakafu ikilowa mkojo, harufu kali inayotoka hapo inachoma pua na macho ya mnyama kabla mwenye nyumba hajaisikia, kwa sababu pua ya dende iko karibu sana na sakafu.

Dawa ya kwanza ni kasha. Kwa dende wawili, mbao za kuzungushia eneo la mita moja kwa sentimita 70 zinatosha, na ukuta wa sentimita 40, maana dende si mrukaji. Wakiongezeka, kasha nalo liongezwe. Juu uwekwe wavu kwa sababu ya paka na panya. Kasha lisigusane na ardhi: miguu yake minne iingizwe katika mikebe yenye maji, la sivyo siafu watamaliza kizazi chote kwa usiku mmoja. Liwekwe pembeni ya chumba, mbali na jiko, mbali na jua la dirishani. Baridi ya Bukavu dende anaivumilia akiwa pakavu, lakini joto linalopita nyuzi 30 linaweza kumuua. Watu wa Uvira wanajua habari hiyo.

Kosa linaloonekana sana ni sakafu ya wavu wa chuma. Fundi anaisifu kwamba mavi yanaanguka chini na kazi inapungua. Ni kweli, lakini nyayo za dende hazina manyoya. Chuma kinazichubua, zinavimba, zinaoza, na mnyama anaacha kula.

Sasa matandiko. Ulaya na Marekani, ambako dende kwa kawaida ni rafiki wa nyumbani, wafugaji wengi wameacha maranda na kutumia kitambaa cha polari, kile cha mablanketi mepesi na laini. Kivu hakuna haja ya kukiagiza mbali: kimejaa katika marobota ya mitumba, na blanketi moja kuukuu likikatwa linatosha makasha mawili.

Siri yake ni kwamba nyuzi za polari hazinywi maji. Mkojo unapenya, unashuka, na juu panabaki pakavu. Lakini hilo linatokea tu kama kuna kitu chini cha kuupokea: taulo mbili kuukuu za pamba, na chini ya taulo kipande cha bashi kulinda mbao. Atakayetandika polari peke yake atapata bwawa.

Blanketi jipya linakataa maji. Kwanza lifuliwe mara tatu au nne kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba nyuzi. Kisha mwaga maji kidogo juu yake. Yakisimama kama tone juu ya jani la taro, bado. Yakizama mara moja, tayari. Kingo zikunjwe chini ya taulo, kwa sababu dende anapenda kuchimba, na uzi wowote unaoning'inia ukatwe kabla haujamfunga mguu mtoto.

Kila asubuhi mavi yafagiliwe kwa ufagio mdogo. Kila siku ya tatu au ya nne kitambaa kibadilishwe, kikung'utwe nje, kifuliwe na kuanikwa juani. Kisifuliwe katika beseni la sahani au la nguo za mtoto: dende anaweza kubeba salmonela, na ugonjwa huo unahamia kwa watu.

Hapo ndipo penye ugumu. Katika mitaa ambako bidoni ya maji inabebwa mgongoni kutoka mbali, nani atafua mablanketi ya dende thelathini? Hakuna. Polari ni ya mwenye dende wawili hadi sita, au ya kasha la mama anayekaribia kuzaa. Mwenye kundi kubwa atandike nyasi kavu nene na kuziondoa mara kwa mara. Zitakwenda shambani kama mbolea. Maranda nayo yasiwe ya msindano wala miti mingine yenye harufu kali, kwa sababu mafuta yake yanadhuru mapafu.

Ndani ya kasha kuwe na kijumba cha kujifichia, hata katoni iliyotobolewa milango miwili, ili mkubwa asimzuilie mdogo ndani. Majani yatundikwe, yasitupwe juu ya kitambaa. Mashina ya viazi vitamu ni mazuri. Majani ya viazi mviringo, nyanya na avoka ni sumu. Dende, kama mtu, hatengenezi vitamini C mwilini mwake, hivyo kijani kibichi ni cha kila siku. Akiugua asimezeshwe penisilini ya kutoka duka la dawa, itamuua haraka kuliko ugonjwa.

Jambo la mwisho linahusu kizuizi cha ubao katikati ya kasha. Mimba inachukua siku 68 hivi, na mama anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Watoto wa kiume watengwe wakifikisha wiki tatu, na dume la kundi libadilishwe na la jirani, la ukoo mwingine. Jikoni, ambako wote wanachanganyika, ndugu wanazaliana na kila kizazi kinatoka kidogo kuliko kilichotangulia, hadi siku ya kuuza mnunuzi anamnyanyua kwa mkono mmoja, anacheka, na kutaja bei ya nusu.