SUV Ndogo Kwenye Theluji: Rimu Kubwa Zina Faida Gani?

Quebec, mashariki mwa Kanada, sheria haimwachii dereva nafasi ya kubishana. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, gari dogo lililosajiliwa huko haliruhusiwi kuingia barabarani bila matairi ya majira ya baridi. Anayekamatwa hutozwa faini ya dola 200 hadi 300 za nchi hiyo. Sheria ilianza kufanya kazi mwaka 2008, wakati huo ikihesabu kuanzia Desemba 15, kisha mwaka 2019 ikaongezewa wiki mbili za mwanzo. Ndiyo maana kila Oktoba na Novemba gereji za Montreal na Gatineau hujaa foleni. Ndani ya foleni hizo wamo Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao hawakuwahi kununua tairi huku wakiwaza barafu kabla ya kuhamia huko.

Magari mengi yanayoingia gereji hizo ni SUV ndogo: Toyota RAV4, Honda CR-V, Mazda CX-5, Subaru Forester. Na mwenye gari, akishakubali kwamba lazima anunue seti ya pili ya magurudumu, mara nyingi huja na wazo lake. Maadamu pesa inatoka, si afadhali aweke makubwa zaidi? Gari litainuka, litapita kwenye theluji nzito, na litapendeza.

Wazo hilo lina ukweli kidogo na hasara nyingi, kwa sababu neno "kubwa" hapo linabeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna kuongeza rimu, yaani ile sehemu ya chuma au aloi, na kuna kuongeza tairi lenyewe, yaani mpira. Mtu anaweza kuongeza kimoja bila kugusa kingine, na matokeo barabarani yakawa kinyume kabisa cha alichotarajia.

Namba za ubavuni

Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua 225/65R17, saizi iliyokuja na RAV4 na CX-5 nyingi kutoka kiwandani. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia: urefu wa ubavu, kuanzia ukingo wa rimu hadi kwenye kashata, yaani uso wa mpira unaogusa barabara, ni asilimia 65 ya ule upana. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu unakuwa na milimita 146, na gurudumu zima, kutoka ardhini hadi juu, milimita 724.

CX-5 za bei ya juu hutoka kiwandani na 225/55R19. Rimu imeongezeka inchi mbili, na mnunuzi huona gurudumu kubwa linalojaza nafasi ya madigadi. Lakini hesabu inatoa milimita 730 kwa gurudumu zima. Gari limeinuka milimita tatu tu, kwa kuwa nusu ya ongezeko la kipenyo ndiyo inayoinua ekseli. Kilichobadilika sana ni ubavu, ambao umeshuka kutoka milimita 146 hadi 124. Mnunuzi amelipia chuma kingi na kubaki na mpira kidogo.

Kwenye lami kavu, ubavu mfupi una faida zake: gari hujibu usukani haraka na halilegei kwenye kona. Kwenye theluji mambo hugeuka. Ubavu mrefu hunepa, hulifuata tuta la theluji iliyoganda, na humeza pigo la shimo. Na mashimo ya Quebec yana sifa mbaya. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yakaganda na kutanuka, yakayeyuka, yakaganda tena, na ifikapo Machi barabara imepasuka vipande. Shimo la namna hiyo likikutana na rimu ya inchi 19 yenye ubavu mfupi, ukingo wa rimu hupinda au aloi ikapata ufa. Rimu ya inchi 17 ina zaidi ya sentimita mbili za mpira wa akiba kabla ya chuma kuguswa.

Kuna pia suala la mfuko. Saizi ya 225/65R17 hutengenezwa na karibu kila kampuni ya matairi, kwa hiyo mnunuzi ana nafasi ya kuchagua na kulinganisha bei. Saizi za inchi 19 huwa na aina chache na bei ya juu, na seti ni ya matairi manne.

Tairi pana na tairi jembamba

Wengine huacha rimu ilivyo na kutaka tairi nene zaidi. Mwenye RAV4 ya 225/65R17, kwa mfano, huulizia 235/65R17. Kipenyo kinafika milimita 737, yaani ongezeko la asilimia 1.8. Gari linainuka milimita sita na nusu. Mafundi wengi huchukua asilimia tatu kuwa mpaka wa kutovuka, kwa hiyo badiliko hili limo ndani. Lakini theluji ya kina cha sentimita 25 haitajali milimita sita, na ule upana ulioongezeka una gharama yake.

Kisigino chembamba cha kiatu huzama kwenye udongo laini mahali ambapo kandambili hupita juu, na tairi nalo lina tabia hiyo. Uzito wa gari ni uleule. Ukitandazwa kwenye tairi pana, kila sentimita ya mraba hubeba mzigo mdogo, na tairi huelekea kupanda juu ya theluji mbichi au ule uji wa maji na theluji unaobaki barabarani baada ya chumvi kumwagwa. Tairi jembamba hukata na kuifikia lami. Kwenye barafu tupu tofauti ya upana hupungua, na kazi kubwa hubaki kwa mpira wenyewe na ile mikato myembamba iliyochorwa juu ya kashata.

Mpira huo ndio kiini cha suala zima. Tairi la kawaida la kiangazi huanza kuwa gumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Tairi la baridi limechanganywa ili libaki laini hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Anayesimama dukani anaweza kulibonyeza kwa ukucha: la baridi hukubali kidogo, mikato yake ikafunguka na kufunga. Mikato hiyo huuma theluji, na kwenye barafu hunyonya ule utando mwembamba wa maji unaolifanya tairi liteleze.

Finland ilianza kulishughulikia tatizo hili mapema. Kampuni ya Suomen Gummitehdas, ambayo leo ni Nokian, ilitoa tairi la theluji kwa malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye ikatoa Hakkapeliitta kwa magari madogo. Jina hilo lipo sokoni hadi leo. Nchi nyingi za baridi zilikwenda na matairi yenye misumari ya chuma, lakini misumari hiyo huchimba lami. Katika miji ya Japani kama Sapporo na Sendai, vumbi la lami iliyokwanguliwa liligeuka kero ya afya, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Bridgestone walikuwa tayari wametoa Blizzak mwaka 1988, tairi lisilo na misumari ambalo mpira wake una vitundu vidogo sana vya kunyonya maji juu ya barafu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta ubavuni ni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Alama hiyo ilianza kutumika mwaka 1999. Tairi huipata baada ya kuonyesha kwenye jaribio kwamba linashika theluji angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Herufi M+S, yaani matope na theluji, pekee hazithibitishi kitu hicho, kwa kuwa mtengenezaji huziweka kwa kuangalia umbo la kashata. Ujerumani ilikuwa ikizikubali, lakini tangu Oktoba 1, 2024 inadai alama ya mlima barabara zinapokuwa na theluji au barafu.

Dereva wa SUV asidanganywe na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mfumo huo humsaidia kuondoka kwenye taa za barabarani au kupanda kilima. Akikanyaga breki, gari lake husimama kwa nguvu ya matairi tu, sawa na gari jingine lolote.

Siku ya kufunga

Ushauri wa wauza matairi wengi kwa mwenye SUV ndogo ni kushuka, si kupanda: achukue rimu ndogo kuliko zote zinazopita juu ya kalipa za breki, aweke tairi lenye ubavu mrefu, na kipenyo cha jumla kibaki karibu na cha kiwandani. Kwa gari lenye inchi 19, mara nyingi maana yake ni inchi 17 au 18. Matoleo yenye injini kubwa huweza kuwa na breki kubwa zaidi, kwa hiyo rimu ijaribiwe kwenye gari lenyewe kabla ya tairi kuvishwa.

Matundu ya nati nayo huwapoteza wengi. RAV4, CX-5 na CR-V zote zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na mtu huona rimu za jirani zinaingia sawasawa. Lakini tundu la katikati linalokaa juu ya habu ni milimita 60.1 kwa RAV4, 64.1 kwa CR-V na 67.1 kwa CX-5. Rimu ya CX-5 ikiwekwa kwenye RAV4 bila pete ya kujazia, hubebwa na nati peke yake, na usukani huanza kutetemeka barabara kuu. Kuna pia kina cha rimu, kile kinachoamua kama gurudumu litachomoza nje au kuingia ndani. Likiingia mno, tairi pana husugua springi. Likichomoza mno, hukwaruza plastiki ya madigadi kila usukani unapokatwa hadi mwisho, hasa barafu inapojikusanya humo.

Fundi makini huanza kwa brashi ya waya. Hukwangua kutu ya chumvi kwenye uso wa habu hadi chuma king'ae, hutia gurudumu, hukaza nati kwa mkono, kisha huzikaza kwa mtindo wa nyota, akiruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala, kwa spana yenye kipimo. Baada ya kilomita 80 au 100 mwenye gari hurudi zikakaguliwe. Matairi yote manne huwa ya aina moja. Subaru, ambazo huvuta kwa magurudumu manne muda wote, hutakiwa mizingo ya matairi yake isipishane zaidi ya robo inchi, ili mfumo wa kugawa nguvu usiumie.

Namba ya mzigo nayo isishuke chini ya ile ya kibandiko cha mlangoni. 102 ni kilo 850 kwa kila tairi, na 99 ni kilo 775. Herufi ya spidi inaweza kuwa ya chini kidogo: T, inayoruhusu kilomita 190 kwa saa, inatosha kabisa.

Kisha upepo. Joto likishuka kwa nyuzi tano na nusu hivi, tairi hupoteza takriban psi moja. Tairi lililojazwa psi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litasoma karibu 28 likilala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Marekani, magari mapya kuanzia ya modeli ya 2008 lazima yawe na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua kwa asilimia 25, hivyo rimu mpya zisizo na vihisio huweza kuiacha taa hiyo ikiwaka msimu mzima. Kanada hailazimishi.

Gharama ya seti ya pili haiendi yote bure, maana matairi ya kiangazi hupumzika miezi yote hiyo. Katika jimbo jirani la Ontario, ambako matairi ya baridi si lazima kisheria, kampuni za bima zinatakiwa tangu Januari 1, 2016 kumpa punguzo mwenye kuyafunga.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala naye ana sababu ya kuinama na kusoma ubavu wa tairi. Magari mengi yaliyotumika hushuka bandarini kutoka Japani yakiwa na matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS, Blizzak au iceGUARD. Kashata huonekana nzima na muuzaji huyasifia kuwa karibu mapya. Kwenye lami ya nyuzi 30, mpira ule laini hulika haraka, na kwenye mvua gari huchelewa kusimama. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 3218 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Ukikuta tairi la theluji, weka bei ya matairi manne mapya kwenye hesabu yako ya kununua gari, na uyabadilishe kabla ya safari ndefu ya kwanza.