Moto ukizimika, jiko linajuaje?

Umewasha oveni ya gesi, ukaachia kidude cha kuwashia mapema, moto ukazimika. Jiko bovu? Wala! Kando ya moto kuna kijiti chenye metali mbili tofauti zilizounganishwa. Zikipata joto zinatoa umeme kiduchu, kama milivolti 30 hivi. Umeme huo unaipa nguvu sumaku, nayo inashikilia vali isijifunge. Ndiyo maana unabonyeza sekunde kadhaa, kijiti kipate moto kwanza. Upepo ukizima moto, kijiti kinapoa, sumaku inaachia, springi inafunga gesi.

Tatizo ni kwamba majiko mengi madogo ya mtungi hayana kijiti hiki. Gesi yake, nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango, na swichi ya taa usiiguse, hata kama ni kuzima.