Kura Zilizokwaruzwa kwenye Vigae

Katika Makumbusho ya Agora ya Kale mjini Athens, Ugiriki, kuna vigae vya vyungu vilivyokwaruzwa majina ya watu. Mgeni mwenye haraka ya kuona sanamu za marumaru huvipita tu. Lakini hizo ni kura halisi za karne ya 5 K.K.

Kila mwaka raia wa Athens waliulizwa kama wanataka kumfukuza mtu. Wakikubali, baada ya majuma kadhaa walikutana sokoni, kila mmoja na kigae chenye jina la mwanasiasa aliyemwona hatari. Zilihitajika kura 6,000. Aliyetajwa na kura nyingi zaidi alihama kwa miaka 10, ila mali na uraia wake havikuguswa. Wanawake, watumwa na wageni hawakupiga kura.

Kigae kiliokotwa bure, ilhali mafunjo yaliagizwa kutoka Misri kwa fedha. Tena udongo uliochomwa hauozi. Ndiyo maana wanaakiolojia wamefukua zaidi ya vigae 10,000, vingi vikiwa Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi.

Wengine hawakuridhika na kuandika jina tupu. Mwanasiasa Kimon anaambiwa aende zake na dada yake Elpinike. Mwingine, Kallias, anaitwa Mmedi, yaani kibaraka wa Uajemi. Hasira hizo, pamoja na makosa ya tahajia, ni za watu wa kawaida ambao wanahistoria wa kale hawakuwapa nafasi ya kusema.

Ugunduzi mzito zaidi ulitoka kisimani, kando ya kilima cha Akropolis, mwaka 1937: vigae takribani 190, karibu vyote vikiwa na jina la Themistokles, shujaa aliyewashinda Waajemi baharini huko Salamis mwaka 480 K.K. Watafiti walilinganisha mikwaruzo, umbo la herufi na tahajia, wakabaini kuwa viliandikwa na watu 14 tu. Yaelekea kundi fulani liliandaa kura mapema ili kuwagawia wapiga kura. Themistokles alifukuzwa kweli, akamalizia maisha yake chini ya mfalme wa Uajemi.

Sanamu hutuonyesha jinsi Wagiriki walivyotaka kuonekana. Kigae hutuonyesha walivyoishi: walivyochukiana, walivyopanga njama, na bado wakakubali kuhesabu kura badala ya kumwaga damu. Anayetaka kuwaelewa aanzie kwenye kabati la vigae.