Noeli haiishi tarehe 26



Katika parokia nyingi tunazotembelea, pango la Noeli huondolewa mapema na kamati hufunga daftari lake hadi Februari. Lakini kipindi ndiyo kwanza kimeanza. Tangu mwaka 567 Mtaguso wa Tours, huko Ufaransa, ulizihesabu siku zote kati ya Noeli na Epifania kuwa za sikukuu. Tarehe 26 Desemba ni ya Stefano shahidi, 27 ya Yohane, na 28 ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hiyo ya watoto tunaomba isipite kimya.

Baadhi ya wafadhili wetu Ujerumani wanakijua kipindi hiki tangu utotoni. Watoto huvaa kama wafalme, hubeba nyota, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, kisha huandika mlangoni kwa chaki iliyobarikiwa, kwa mfano 20*C+M+B*25. Wengi hudhani ni majina ya Mamajusi tu: Gaspari, Melkiori na Baltazari. Herufi hizo ni pia za sala ya Kilatini, Christus mansionem benedicat, yaani Kristo aibariki nyumba hii. Sadaka wanazopokea huwasaidia watoto wa nchi nyingine, Tanzania ikiwamo. Tangu mwaka 1959 zimevuka euro bilioni 1. Wanaozunguka kwenye baridi hiyo ni watoto, ndugu zetu. Ndiyo maana tunang'ang'ania stakabadhi. Si ukali wa ofisi.

Nasi tulikosea. Kwa miaka kadhaa barua yetu ya kuomba sare na madaftari iliwafikia mwishoni mwa Januari, shule zimekwisha kufunguliwa na wajane wamekwisha kukopa. Sasa tunashauri viongozi wa jumuiya ndogondogo waandae orodha ya watoto wenye shida kabla ya Noeli. Tangazo lisomwe tarehe 28 Desemba au Jumapili iliyo karibu, na sadaka itolewe mapema, isisubiri baada ya Tokeo la Bwana, ambalo mahali pengi huadhimishwa Jumapili kati ya tarehe 2 na 8 Januari.

Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane, kila kimoja kwa jina lake. Hivyo basi vitu navyo vipokelewe: viatu, sabuni, kalamu. Penye uhaba wa fedha, hata debe la mahindi linafaa, mradi mweka hazina aliandike siku ileile.