"Siri", "Faragha" na Taarifa Zinazoweza Kuzuiliwa

Tangu mwaka 2021, ilipotungwa sheria ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, wafasiri na makarani wamekuwa wakikutana na dhana nyingi ambazo zamani zilipita machoni mwao kwa Kiingereza tu. Mojawapo imo katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Sheria hiyo yampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, na kifungu chake cha 6 chaeleza ni taarifa za namna gani ofisi yaweza kukataa kuzitoa. Je, taarifa hizo tuziiteje? Wengi huziita "taarifa za siri". Sisi twaona kuwa jina hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe si ya urembo wa lugha.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima wa Tongoni, kusini ya Tanga, ataka kujua mpaka kati ya shamba lake na eneo la magofu ya msikiti na makaburi ya kale, yanayolindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anaandika barua kuomba nakala ya ramani. Jalada latolewa masjalani. Ndani yake mna ramani. Mna barua za mashauriano baina ya ofisi mbili juu ya jambo ambalo bado halijaamuliwa. Tena mna karatasi ya madai ya jirani yake, iliyotaja hata ugonjwa wa mkewe. Juu ya jalada pamepigwa mhuri: SIRI.

Karani aliyezoea kuwa kisichotolewa ni "siri" atausoma mhuri, atalirudisha jalada rafuni, na mkulima atarudi Tongoni mikono mitupu. Lakini kifungu hakiulizi habari ya mhuri. Chauliza madhara: je, kuitoa taarifa kutadhoofisha usalama wa taifa, kutavuruga upelelezi, kutahatarisha maisha ya mtu, kutaingilia faragha pasipo sababu, kutadhuru maslahi halali ya biashara, au kutaizuia ofisi kulitafakari vema jambo lisilofikia uamuzi? Karatasi ya jirani yahusu faragha. Barua za mashauriano huenda zikaangukia katika lile la mwisho. Ramani, kwa kadiri tuonavyo, haigusi hata moja.

Hofu ya karani haikosi msingi, maana Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 yaadhibu utoaji wa mambo ya siri ya serikali bila idhini. Hatusemi basi aufute mhuri kwa mkono wake. Twasema swali lipelekwe kwa mwenye mamlaka, badala ya kufia rafuni. Na ombi lina muda, kwani sheria yataka lijibiwe katika siku zisizozidi 30.

Maneno "siri" na "faragha" yote yametoka Kiarabu, lakini hayafanyi kazi moja. Siri ni jambo ambalo mwenyewe ameamua kulificha. Faragha ni hali ya mtu kuwa mbali na macho ya wengine, awe ana la kuficha au hana. Ugonjwa wa mke wa jirani si siri ya serikali. Ni faragha yake, na serikali imeihifadhi tu. Kinyume chake, serikali yaweza kuwa na siri, lakini haina faragha. Tumeona tafsiri kadhaa zilizochanganya mambo haya.

Baadhi ya wafasiri wamependekeza "taarifa zilizosamehewa", kwa kufuata msamaha wa kodi. Tungelikubali, lau kama taarifa zingelikuwa zinadaiwa kitu. Wengine husema "taarifa zilizozuiwa". Hapa pana hatari, maana -li- yaonyesha kuwa uamuzi umekwisha kufanywa kabla ofisa hajafungua jalada. Tena kuzuia ni kukikomesha kitu kisiendelee, ilhali kuzuilia ni kukishika kisimfikie mtu fulani, nacho chenyewe kipo. Kwa hiyo twapendekeza "taarifa zinazoweza kuzuiliwa". Ni jina refu, twakiri, lakini neno "zinazoweza" lisikatwe kwa ajili ya ufupi: sheria imesema ofisi yaweza kuzuilia, haikusema ni lazima.

Kuna na jozi nyingine isumbuayo. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 yatenganisha kumbukumbu, yaani maandishi yatokanayo na kazi za ofisi, na nyaraka, yaani yale yaliyochaguliwa kuhifadhiwa daima kwa thamani yake. Kwa kawaida kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Mtaani, hata hivyo, waraka ni barua ya maagizo itokayo kwa mkubwa, na mwombaji aandikapo "nyaraka" mara nyingi akusudia kumbukumbu. Ofisa asimrudishe kwa kosa hilo.

Twamalizia na barua ya majibu. Badala ya "Haziwezi kutolewa kwa kuwa ni siri", ofisi iandike: "Ramani uliyoomba imeambatishwa. Karatasi ya madai imezuiliwa kwa ajili ya faragha ya mtu mwingine, na barua za mashauriano zimezuiliwa kwa kuwa uamuzi haujafikiwa. Usiporidhika, waweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi."