Kengeleni, kituo chenye kengele ya kweli

Makanga wa Mombasa huita “Kengeleni!” mara nyingi kwa siku, na abiria wakashuka wakavuka barabara bila kuitazama kengele yenyewe. Ipo. Imetundikwa kwenye kijengo kidogo cha matao njia panda ya Nyali na Kisauni, huku matatu, bodaboda na wachuuzi wakiizunguka.

Kijengo hicho ni mabaki ya Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, akishinikizwa na Waingereza baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere. Manowari zilipokamata majahazi yenye watumwa, wale watu walihitaji pa kuishi. Ndipo wamisionari Waanglikana wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, wakaanzisha kijiji hiki mwaka 1875, wakisaidiwa na Waafrika waliokombolewa mapema na kusomeshwa Nasik, India. Kengele iliwaita watu kwenye ibada, na iliwaonya pia wanapokuja wawindaji wa watumwa.

Mombasa ikitaja urithi, macho huvuka daraja kwenda kisiwani. Mji wa Kale una sheria ya hifadhi tangu 1990, na nyumba zake za wafanyabiashara zina wageni wa kuzipiga picha. Mojawapo ni Leven House, ukingoni mwa bandari ya kale, iliyopata kuwa makao ya kampuni ya Waingereza, IBEA. Kampuni hiyo hiyo, kupitia George Mackenzie, ndiyo iliyowalipa mabwana fidia ya watumwa watoro wapatao 1,400 waliojificha misheni, wengi wao Rabai. Watoro hao wakapewa hati za uhuru tarehe 1 Januari 1889. Biashara tupu, ukipenda kusema hivyo, lakini watu walipata uhuru wao.

Wazao wa waliokombolewa, Wamisheni, hawakukaa kimya. James Mbotela aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934, kwa Kiswahili chao wenyewe. Leonard Mambo Mbotela, sauti ya kipindi cha redio Je, Huu ni Ungwana?, alitoka ukoo huo huo.

Sioni ubaya wa soko kuizunguka kengele. Bila stendi, huenda hata jina lingepotea. Ubaya ni mtoto wa Kisauni kupelekwa Fort Jesus kwa basi la shule, akapita hapa bila mwalimu kumwambia neno. Walimu, mwambieni dereva asimamishe.